Kiti cha Kumi na Mbili

Jumanne, 8 Januari 1952

Theluji tangu alfajiri. Nimepiga deki ukumbi wa michezo mara mbili. Mwaka wa pili huu nafagia ukumbi wa chuo, hapa Iowa. Kule kwetu Kaunas, Lithuania, nilifundisha Kilatini miaka ishirini na sita. Sinung'uniki. Nataka kitu kimoja tu: kiti.

Timu yetu ya mpira wa kikapu husafiri kwa magari mawili, watu sita kila gari. Wachezaji kumi, kocha Tessmer, na Arvid Hultgren, muuza mbegu, anayeandika alama katika daftari la timu. Kumi na wawili. Wakiondoka, mimi nabaki na ukumbi mtupu, na ukumbi mtupu una mlio wake. Kwa hiyo ama Hultgren apishe, ama kocha aone hawezi kitu bila mimi.

Nimempa kocha barua ya kurasa kumi na moja kuhusu mbinu za mchezo. Nimemkumbusha kwamba mwaka 1939 nilikuwamo ukumbini Kaunas, Lithuania ilipotwaa ubingwa wa Ulaya. Sikutaja kwamba nilikaa nyuma ya nguzo. Kaipima barua mkononi kama mtu anunuaye nyama, kashukuru, kauliza kama bomba la bafuni limezibuka.

Halijazibuka.

Jumamosi, 12 Januari

Leo tumecheza na Milbrook, hapa kwetu. Hao ni watu wa mbio: ukiwafunga tu, wanaudaka mpira na kukimbia nao kabla hujageuka. Dawa yake kila mtunza ukumbi wa huku anaijua. Unaukaza wavu kwa uzi, mpira ukawie kuanguka, vijana wako wapate kurudi nyuma kulinda. Nilikaza wavu wa upande tunaofungia sisi.

Kipindi cha kwanza, raha tupu. Mpira unatulia wavuni kama yai kiotani. Tunaongoza kwa tisa. Nikasogea karibu na benchi, nipatikane kwa urahisi nikiitwa.

Kipindi cha pili timu zikabadilishana pande. Hilo nilikuwa nimelisahau. Sasa Milbrook ndio wanaofunga kwenye wavu wangu, na vijana wetu, ambao nao ni wa mbio, wamesimama chini wameinua vichwa kama kuku wanaotazama mvua. Mara mbili mpira ulinasa kabisa, ikabidi nilete ngazi. Hultgren kaja kunishikia. Kaangalia mafundo, kaninong'oneza, "Mshono safi, Mzee George. Ungeshona pande mbili."

Jina langu Jurgis. Hapa wote huniita George.

Tumefungwa kwa sita. Hultgren hakusema kitu kwa kocha. Bila shaka ananiwekea akiba ya kunishtaki.

Jumamosi, 26 Januari

Mpango mpya, wa macho. Hultgren ana miaka sitini na minne. Nimechomoa balbu moja juu ya meza yake ili akosee namba za jezi, kocha aone amezeeka. (Mimi nina sitini na saba, ila hilo halihusiki.)

Mchezo umeanza, anakodoa macho. Vizuri. Kisha kageuka, kaniita mbele ya watu wote, kasema Mzee George ana macho ya kipanga, aje amsomee namba. Ikabidi niende. Nikakaa mezani mchezo mzima nikisema nne, kumi na moja, nne tena, naye akiandika. Hatukukosea hata alama moja. Kanimiminia kahawa katika kifuniko cha chupa yake ya chai. Kaniuliza kuhusu mke wangu. Nikamwambia Aldona alizikwa Hanau, Ujerumani, katika kambi ya wakimbizi, mwaka 1947. Kasema wake, Signe, mwaka jana, Oktoba. Kisha namba nne akafunga tena, tukarudi kazini.

Baada ya mchezo kanikaribisha kwake chakula cha Jumapili. Mtu hukaribishwa ili achunguzwe. Nimemwambia nina wageni.

Jumapili, 27 Januari

Samaki wa kopo, mkate mweusi. Mgeni hakuja, maana hakuwapo.

Jumamosi, 9 Februari

Timu imesafiri. Nilifagia ngazi za mbele kuanzia saa nne hadi saa sita ili niwepo wakiondoka. Delmar Voigt, yule mrefu wetu wa kati, kachungulia dirishani, "Mzee, tulindie ukumbi usije ukatoroka!" Wakacheka. Nami nikacheka. Magari yakapinda kwenye kona ya kanisa.

Nilikaa na redio chumba cha boila. Zikiwa zimebaki dakika nne mtangazaji akaanza kufifia, ikaingia sauti ya mtu wa Omaha anayetangaza bei za nguruwe. Nikapanda uwanjani, nikatupa mitupo huru thelathini, ile ya mikono miwili kutoka magotini. Nimeingiza saba. Nikajipigia makofi, kwa majaribio. Mwangwi unachelewa sana.

Bibi Quade, mpishi wa chuo, kanipitia na supu. Kaniuliza naongea na nani humu. Nikasema nahakiki mwangwi. Kasema, "Haya, ukimaliza kuuhakiki, bakuli langu nalitaka." Kaongeza kwamba tumeshinda, na kwamba tukiwafunga Milbrook kwao tarehe mosi Machi, ubingwa ni wetu. Mara ya kwanza tangu chuo kijengwe.

Tarehe mosi Machi lazima niwe garini.

Alhamisi, 28 Februari

Mpango rahisi kuliko yote. Nashangaa kwa nini nilipoteza muda na nyavu. Nimeingia dukani kwa Hultgren, nikamwambia kwamba kocha ameahirisha safari ya Jumamosi kutoka saa sita hadi saa nane, kwa ajili ya barafu. Kanishukuru. Kauliza kama nitakuwepo. Nikasema nitakuwepo.

Jumamosi, 1 Machi

Saa sita kasoro robo. Koti, kofia, viatu nimeving'arisha. Nikasimama karibu na gari la pili, karibu na kiti.

Kocha kaniona, kacheka. Eti nafanya nini hapo, si nasafiri na Hultgren? Nikauliza namna gani. Kasema Hultgren alimwomba tangu wiki iliyopita nisafiri na timu kama msoma namba. Magari yamejaa, kwa hiyo Hultgren atanichukua kwa lori lake, na kiti chake kapewa mchezaji wa kumi na moja, na kwa kuwa lori ni la polepole, alama za mwanzo aandike huyo mpaka sisi tufike. Milango ikafungwa. Wakaondoka.

Nilisimama kwenye theluji kwa muda wa saa mbili. Nilikuwa na nafasi ya kumpigia Hultgren simu. Niseme nini lakini?

Saa nane kamili kaja, kanyoa, kavaa tai. Njia nzima barafu. Tumeingia Milbrook zikiwa zimebaki dakika tatu. Filimbi ya mwisho, tumefungwa hamsini na nane kwa hamsini na saba. Voigt analia, anasema mtupo wake mmoja huru haukuhesabiwa. Refa kaomba daftari letu alinganishe na la wenyeji. Kijana wa kumi na moja alikuwa ameacha ukurasa mzima mtupu; alikuwa anashangilia.

Hakuna daftari, hakuna alama. Hakuna ubingwa.

Kocha kamgeukia Hultgren, mbele ya timu nzima, kamuuliza alikuwa wapi. Hultgren kavua kofia. Kasema, "Nilikosea saa mimi. Uzee, kocha." Hakunitazama.

Njiani kurudi nafsi imenisuta kwa kilomita kama thelathini. Kisha nikaelewa: anataka ahurumiwe.

Alhamisi, 6 Machi

Hultgren kaja ukumbini na tiketi mbili. Jumamosi kuna fainali ya wasichana wa shule za sekondari, Des Moines, jimbo zima litakuwa huko. Kasema twende, Mzee George, nisomee namba, mazoezi tu. Nimekataa kwa adabu. Ni dhahiri anataka nisiwepo hapa kocha atakapopanga benchi la msimu ujao.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekaa ukumbini tangu saa kumi na mbili asubuhi, shati la kola, nikimngoja kocha. Saa moja nikiwa chini kwenye boila nikasikia honi nje, nyingi, kwa muda mrefu. Nilidhani wananicheka. Sikupanda.

Mchana Bibi Quade kapita. Kashangaa kuniona. Kasema kocha yuko Des Moines, timu yote iko Des Moines, magari mawili na lori. Walinipigia honi dakika kumi nzima. Voigt, kwa urefu wake wote, alijikunja nyuma ya lori kwenye magunia na kuomba aje mbele. Hultgren akamwambia mbele kuna mwenyewe. Wameondoka hivyo hivyo, kiti kikiwa kitupu.

Kwa hiyo kiti kipo. Nimelitafakari mchana kutwa, nikizunguka uwanja. Kiti kipo, na anacho Hultgren, na anakishikilia kwa sababu ana lori.

Novemba, msimu ukifunguliwa, hatakuwa na lori. Nimeazima kitabu cha injini maktaba.