Kofia ya Nahodha wa Siku Moja

Jumatatu, 10 Juni
Nimepanda meli ya matanga, Clara Venn, hapa Hobart. Mvua. Baba kanileta hadi gatini na koti lake la kazini, ingawa kazi iliisha tangu Pasaka. Kasema Jumamosi atakuja kunipokea, na kwamba sisi akina Pascoe hushuka meli hii wakiwa manahodha. Ndivyo alivyoshuka yeye. Picha iko kwenye friji: baba kijana, kofia ya unahodha kichwani, meno yote nje. Tangu mama aondoke, ni hiyo tu iliyobaki pale.

Zamani meli hii ilibeba mbao. Sasa inabeba sisi. Mabaharia wanatufundisha kamba na matanga, halafu siku ya mwisho wanakaa pembeni. Wanafunzi tunapiga kura, tunamchagua nahodha wetu, na huyo ndiye anayeirudisha meli bandarini. Anavaa kofia nyeusi iliyobanduka ukingo. Hiyo kofia ni yangu. Wenzangu wamekuja kujifunza. Mimi nimekuja kurithi.

Jumanne, 11 Juni
Nimetapika. Si woga, ni uji. Tena nimetapika upande unakotoka upepo, kwa hiyo uji umewarudia wapiga kura wangu. Kampeni imeanza vibaya.

Mpinzani wangu ni Marnie Luttrell, binti wa wafuga ng'ombe wa Scottsdale. Haongei. Anapanda mlingoti kama anapanda ngazi za kwao, na watu wote wanamtazama. Nikatangaza kwamba hata mimi napanda, tena mkono mmoja. Nikafika jukwaa la kwanza. Kushuka ndiko kulikogoma. Nikapaza sauti kwamba natafuta nyangumi. Mwishowe Marnie akanifuata, akanishika miguu, mmoja baada ya mwingine, akiiweka kwenye kamba kama anavisha mtoto soksi. Chini, Nahodha Hesketh, nahodha halisi wa meli, mama mwenye sauti ya king'ora, akaniuliza nimeona nyangumi wangapi. Wawili, nikasema. Akasema ajabu, yeye kaona mmoja tu, tena kakwama mlingotini.

Jumatano, 12 Juni
Hila safi kabisa. Humu anayemaliza zamu humwamsha anayempokea. Zamu yangu ya asubuhi inapokewa na Marnie. Sikumwamsha. Alale, aonekane mvivu, kura zihame.

Kitu kimoja sikukifikiria. Asipokuja wa kukupokea, huondoki. Nikasimama zamu yangu, nikasimama na yake. Mvua, halafu mvua ya mawe. Vidole vikawa si vyangu.

Marnie akatokea baadaye, macho mekundu. Kumbe alikuwa na homa usiku kucha. Akadhani nimemwachia alale kwa huruma. Akanipa soksi zake kavu, akawatangazia wote mezani kwamba mimi, Brody, ni mtu. Sikubisha. Sasa nakohoa kama trekta.

Alhamisi, 13 Juni
Kwa sababu ya kikohozi nimepelekwa jikoni kumenya viazi. Kule kwenye chumba cha kulia kuna picha za safari zote, wanafunzi wamejipanga, nahodha wao katikati na kofia. Nikaitafuta ya baba ili niwaonyeshe watu.

Katikati kuna msichana mwenye nywele nyekundu. Baba yuko mwisho wa mstari. Kashika ndoo.

Mpishi, mzee Dougal, akauliza natazama nini. Nikamwonyesha kwa kisu. Akaangua kicheko. Eti huyo Pascoe alikuwa wa kusafisha vyoo. Siku ya kushuka aliiazima kofia apige picha, kisha akaondoka nayo, wakamkimbiza hadi kituo cha basi. Kijana mcheshi sana, kasema, yuko wapi siku hizi?

Sikucheka. Nilimenya mpaka viazi vikawa kama zabibu.

Huenda ni Pascoe mwingine, mwenye masikio ya baba. Lakini sasa lazima nishinde. Ukoo mzima angalau uwe na mmoja wa kweli.

Ijumaa, 14 Juni
Siku ya kura. Nimehutubia vizuri. Nimeahidi hakuna kusugua sitaha, na chipsi asubuhi hadi jioni. Jarrah, jamaa wa Burnie, akauliza upepo ukigeuka nitafanya nini. Nikajibu nitauamuru urudi. Walicheka sana. Kila kicheko nilikihesabu kura.

Marnie kashinda. Mimi nina kura mbili. Moja najua ilikotoka. Ya pili ni ya Marnie mwenyewe, aliona haya kujichagua.

Halafu akanivuta pembeni. Kasema anajua baba yangu atakuwa gatini, basi kesho nishike usukani tukiingia bandarini. Machozi yakanitoka. Upepo huo.

Nikafikiri upya. Usukani hauvaliki. Huwezi kushuka nao. Nikamwambia kifundo cha mkono kinauma, ampe Jarrah. Mimi anipe kofia nimtunzie, isije ikapeperuka. Akanitazama kidogo. Akanipa.

Jumamosi, 15 Juni
Tumeingia Hobart, mvua ileile. Jarrah kwenye usukani, kimya, kama kabeba yai. Gatini watu wakampigia makofi.

Baba alikuja peke yake, na koti lilelile. Nikashuka na kofia kichwani. Aliitazama sana. Akaigusa ukingo, palepale palipobanduka, bila kupatafuta. Akauliza kama ni mimi niliyeingiza meli. Nikasema nahodha haendeshi, anaamuru. Akasema ni kweli. Kisha akaniomba aivae kidogo. Tukapigana picha, mimi kisha yeye.

Marnie akaita kutoka juu, mbele ya watu wote: Brody mwanangu, kofia yangu basi, nadaiwa humu. Mimi na baba tukaangalia mvua. Baba ndiye aliyepanda kuirudisha.

Kwenye basi alimwambia dereva kwamba sisi wawili, baba na mwana, ni manahodha wa Clara Venn. Nikaitikia kwa kichwa.

Jumapili, 16 Juni
Picha za friji sasa ni tatu. Toby, mdogo wangu, kasimama mbele ya friji mpaka uji wake ukapoa. Akauliza naye atapanda lini. Nikamwambia mwakani, na asituaibishe, maana akina Pascoe hushuka meli ile wakiwa manahodha.

Baba alikuwa anakaanga mayai. Hakugeuka.