Hilari Auza Madirisha ya Italia

Hivi wewe, ungenunua dirisha linalotazama bahari ya Italia kutoka kwa mtu ambaye maji mengi kuliko yote aliyowahi kuyaona ni ya Mto Igombe mwezi wa Machi? Usicheke. Watu wa Goweko walinunua, tena wakabishania ukubwa.

Muuzaji aliitwa Hilari, mkazi wa Ng'ambo, Tabora. Wakati wa vita alikuwa mpishi msaidizi katika kambi ya mateka wa Kitaliano. Walipoondoka alibaki na ujuzi wa kupika makaroni, maneno kumi na manne ya Kitaliano, mengi yakiwa matusi, na kadi sita za picha. Tatu zilionyesha mji wa Roma, tatu nyumba nyeupe zilizojipanga juu ya bahari, zenye baraza na maua mekundu ukutani. Kadi hizo zilikaa chini ya godoro zikiliwa na mende mpaka ulipofika mwaka 1950, Mwaka Mtakatifu. Padri akatangaza kanisani kwamba Wakristo wa dunia nzima wanakwenda Roma. Hilari alikuwa amesimama karibu na mlango, mahali pa watu wenye shughuli nyingi, akaona mzee mmoja wa mbele amenyoosha shingo kama jogoo aliyesikia mtama ukimwagwa.

Huyo alikuwa Mzee Ambrosi wa Goweko, aliyekuja mjini kuuza asali, mwenye mizinga mia mbili ya nyuki na kiu ya kuwa wa kwanza katika kila jambo. Pembeni yake alikaa Mama Veneranda, mjane wa kaka yake, mama mnene wa maneno machache.

Misa ilipokwisha Hilari akawangoja nje.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina," Ambrosi akaitika, macho yakiwa tayari kwenye kadi.

"Siku nne tunauona mji," alisema Hilari akizipanga kadi kwenye kiganja kama karata. "Makanisa, chemchemi, sanamu. Halafu siku nane nyumba ya baharini, mzee. Unakaa barazani, unapepewa."

"Napepewa na nani?"

"Na upepo wa Kitaliano. Hauna vumbi."

Pesa hakutaka. Hilari aliiheshimu dini mno kuchanganya ibada na pesa. Alitaka nta tu, madebe matatu kwa kila msafiri. Mwenye kutaka dirisha la kutazama bahari angeongeza debe moja.

"La shemeji litakuwa na upana gani?" Ambrosi akauliza.

"Mimi dirisha sitaki," alisema Mama Veneranda.

"Hata hivyo, langu lizidi." Akaongeza debe la pili, kwa ajili ya kuzidi.

Mama Veneranda akamtazama Hilari. "Na wa kutuongoza nani?"

"Mimi, mama. Babu yangu alikuwa kirongozi wa misafara. Tabora mpaka Bagamoyo mara tisa!"

Marehemu babu aliuza mihogo sokoni, na hata Tura hakuwahi kufika.

"Baba yangu alibeba pembe njia hiyo hiyo," alisema Mama Veneranda. "Basi tutakwenda kwa desturi."

"Kwa desturi, mama!" Hilari akajibu, kama mtu anayetia dole gumba kwenye karatasi asiyoweza kuisoma.

Mpango wake ulikuwa mwepesi. Wangeleta nta Tabora, angewarudisha Goweko wakangoje barua, naye angeiuza nta na kupanda treni ya Alhamisi kwenda Dar es Salaam. Huko angefungua hoteli yake mwenyewe, kwenye mtaa ambao hakuna anayemjua. Tabora alikuwa anajulikana, na hilo liliharibu kila biashara. Koti la kwenda nalo alikuwa amekwisha kulinunua.

Jumanne wakafika. Kutoka Goweko kuja Tabora treni huelekea magharibi, kwa hiyo walianza safari ya baharini kwa kuipa bahari kisogo. Walishusha madebe manane ya nta na mikeka, Mzee Ambrosi akiwa amevaa kofia mpya.

"Karibuni, wekeni mizigo," alisema Hilari. "Sasa mrudi kwenu mkangoje barua ya pasi za kusafiria."

"Kurudi?" Mama Veneranda akashangaa. "Kirongozi, msafara ukishatoka haurudi. Kambi ya kwanza hupigwa karibu na nyumbani, ili aliyesahau kitu atume kikaletwe. Kambi ndiyo hapa. Tutaondoka ukiondoka wewe. Mizigo hulala katikati ya kambi, haiguswi, na anayelisha kambi ni kirongozi. Au babu yako alifanyaje?"

"Hivyo hivyo," alisema Hilari, kwa kuwa babu mwingine hakuwa naye.

Mama Veneranda akapanga madebe katikati ya sebule, akatandika mkeka wake ubavuni. Ambrosi akachukua chumba cha kulala kwa haki ya dirisha. Lilitazama pipa la maji la Mwanajuma, jirani wa Hilari, na kila asubuhi mzee alisimama pale, mikono nyuma, akijizoeza kutazama maji. Hilari akahamia jikoni.

Angewafukuza, wangeondoka na nta. Angekimbia peke yake, Dar es Salaam bila nta ni Tabora yenye joto zaidi. Akaamua kuwachosha.

"Meli imechelewa Mombasa," alisema Jumatano.

"Basi tungoje, kirongozi."

Uongo huo ulimgharimu kuku wawili. Alhamisi treni ikapiga honi ikaenda bila yeye. Ijumaa akasema pasi zinangoja sahihi, na sahihi hiyo ikala gunia la unga. Akapika makaroni, akapika wali, akapika maharage ya nazi. Mama Veneranda alikaa barazani akisema, "Leo umezidisha nyanya."

"Hilari," Mwanajuma akapaza sauti, "umeoa ukoo mzima?"

Jumatatu wakataka kutembezwa mji, miguu izoee. Hilari akawaonyesha stesheni, boma la Wajerumani na soko, kwenye jua kali, kikapu cha chakula kichwani. Ambrosi aliomba salamu moja ya Kitaliano. Hilari, kwa uchungu wa unga wake, akampa tusi, na mzee akalisalimia soko zima, banda kwa banda, akivua kofia.

Alhamisi ya pili honi ikapigwa tena. Siku hiyo Hilari alikuwa ameuza koti ili anunue nyama.

Ijumaa, siku ya kumi na moja, akapiga magoti mbele ya mkeka.

"Mama, meli hakuna."

"Imezama?"

"Haijawahi kuwapo. Pasi hakuna. Babu aliuza mihogo."

Ambrosi akatoa kichwa chumbani. "Na dirisha langu?"

"Ndilo hilo, mzee."

Mama Veneranda hakupiga kelele. Akakunja mkeka, akaita mkokoteni, akahesabu madebe yakipakiwa. Yote manane.

"Ulijua?" Hilari akauliza.

"Tangu pale kanisani. Mtu wa njia huuliza kwanza kama wenzake wana miguu mizima. Wewe uliuliza nta."

"Sasa ulikuja kufanya nini? Siku kumi na moja, mama! Kuku wangu, unga wangu, koti langu! Ulitaka nini kwangu?"

Mama Veneranda akajifunga khanga vizuri.

"Niliolewa nikiwa na miaka kumi na sita," alisema. "Nimempikia mume, nimewapikia wakwe, watoto saba, warina asali, na misiba yote ya Goweko. Nilitaka nikae barazani, nimenyoosha miguu, mwanamume atoke jikoni macho mekundu kwa moshi, aniulize kama chumvi imekolea."