Shangazi Sita Chini ya Taa

Jumatatu, 8 Aprili

Nimeanza! Kuanzia leo mimi, Ademar Bentancor, mstaafu, miaka thelathini na moja katika kiwanda cha biskuti bila kuunguza trei hata moja (ile ya mwaka tisini na nne lilikuwa kosa la tanuri), ni mkulima wa bangi. Mkulima halali, maana sheria yetu hapa Montevideo inaruhusu. Nimejiandikisha posta kwa jina kamili na namba ya kitambulisho. Miche sita, haizidi. Karani kaniuliza kama nina uzoefu. Nimemwambia sijawahi kukosea. Hakuandika.

Sababu ya yote ni goti. Goti la Nibia, mke wangu. Kila baridi ikiingia linavimba, na kila baridi Heber Pintos, jirani yetu wa ukuta wa kushoto, mgane, dereva wa basi mstaafu, anamletea kichupa cha dawa ya kuchua aliyoipika mwenyewe kutokana na miche yake. Nibia anajipaka, anasema "aaah". Hiyo aaah naisikia mpaka jikoni. Miaka thelathini na minane ya ndoa, halafu goti la mke wangu linabembelezwa na mmea wa mwanamume mwingine! Haiwezekani.

Nibia kaniachia chumba chake cha cherehani hadi mwisho wa Julai. Agosti anaanza kushona mavazi ya kanivali, na siku hiyo, kasema, yeyote atakayekutwa mle ndani atatolewa nje, mtu au mmea.

Heber kasikia habari. Huyu anasikia kila kitu. Kaja mlangoni na vipandikizi viwili ndani ya kikombe. Kasema, "Chukua, jirani, hivi ni majike, nina hakika navyo." Nimemjibu kwamba hakika ninayo yangu, na kwamba mwaka huu kichupa asilete. Mbegu nimenunua soko la Jumapili kwa mzee anayeuza pia betri na vifaranga.

Taa imemeza pensheni nzima ya mwezi. Ni taa ya kisayansi. Kijitabu kimekuja bure. Sura ya kwanza inaitwa Makosa ya Wanaoanza. Nimeiruka, hainihusu.

Jumatano, 17 Aprili

Zimeota zote sita! Nimezipa majina ya shangazi zangu: Ofelia, Tomasa, Irma, Dorila, Blanca na Eulogia. Wanawake walioishi miaka mingi na kula sana.

Nawamwagilia asubuhi, mchana na jioni. Katikati nawaongezea kidogo kwa upendo. Nibia, ambaye ana nyanya uani na hajawahi kusoma kijitabu chochote, kapitisha kichwa mlangoni akauliza kama nafuga miche au vyura. Kasema nichomeke kidole kwenye udongo. Kikitoka na tope, niende zangu. Nimemweleza kwamba nyanya ni nyanya na hii ni sayansi.

Jioni Blanca amelala ubavu. Eulogia pia. Nadhani wana kiu. Nimewaongezea.

Ijumaa, 19 Aprili

Blanca na Eulogia hatunao. Mizizi imeoza, inanuka kama soksi za mwanajeshi. Nibia kanitazama tu huku anamenya viazi. Kutazamwa huko ni kubaya kuliko maneno.

Hata hivyo, wanne wanatosha. Niseme ukweli, sita walikuwa wanabanana.

Jumamosi, 4 Mei

Hesabu yangu ni hii. Mbolea kidogo, mche unakua kidogo. Mbolea nyingi, je? Hata mtoto anajibu. Kijitabu kinasema nusu kijiko. Ni wazi kiliandikwa na mtu mwoga. Nimetia vijiko viwili, na juu yake majani ya mate, ile chai yetu chungu ya kibuyuni, tuliyokunywa wiki nzima, kwa sababu kinachoniamsha mimi kitawaamsha na wao.

Pia nimeishusha taa. Jua likiwa karibu, joto linakuwa zuri zaidi.

Saa nane mchana. Ncha za majani zimekuwa kahawia. Nimeyapenda, yanaonekana kama yameokwa vizuri. Miaka thelathini na moja naitambua rangi hiyo.

Saa kumi na moja. Irma ameungua. Hakuokwa, ameungua kabisa, majani yanavunjika mkononi. Nimeipandisha taa. Nimemwambia Nibia ni mche mmoja dhaifu uliojitoa wenyewe. Kauliza, "Umejitoa, au umeutoa?" Sijapenda alivyoniuliza.

Heber kapitisha mkono juu ya ukuta akanipa kibuyu chake cha mate, nikavuta mrija mara mbili. Kaniuliza kwa upole hao shangazi wanaendeleaje. Nimesema wanastawi. Kaniambia, "Polepole, Ademar. Mche si abiria, huwezi kuupigia honi." Anajifanya mwanafalsafa kwa kuwa aliendesha basi la njia ndefu.

Alhamisi, 23 Mei

Siku ya utukufu! (Asubuhi.)

Wiki iliyopita niliwabadilishia saa: saa kumi na mbili za mwanga, saa kumi na mbili za giza, ili watoe maua. Taa inawaka usiku umeme ukiwa nafuu, giza ni kuanzia saa nne asubuhi, pazia zito likishushwa. Na Ofelia kawatangulia wote. Amerefuka kuliko wenzake kwa kichwa kizima, na sasa amefanya vijipumba vya mviringo, vingi, kama zabibu changa. Maua! Tomasa na Dorila hawana kitu, vinywele viwili vyeupe tu, aibu tupu.

Nimemwalika Heber aje kuona. Kusudi langu lilikuwa kumvunja moyo, sikatai. Kaja mapema taa ikiwa bado inawaka, kavaa miwani, kainama. Kageuza kijipumba kimoja kimoja kwa ncha ya kidole. Nikajua nimempata.

Kisha kasema, "Jirani, shangazi yako huyu ni mjomba."

Nikamwambia aache wivu. Kanionyesha. Hayo si maua, ni mifuko ya chavua. Ofelia ni dume. Ikipasuka, wale wawili watajaa mbegu na hapatakuwa na dawa ya goti wala ya kidole. Kasema nimtoe leo, si kesho.

Nibia kacheka mpaka kashika meza. Kacheka mpaka kasahau goti, kisha goti likamkumbusha, akakaa chini na uso umemkunjamana. Hapo hamu ya kubishana ikaniisha. Anauburuta mguu siku hizi akienda dukani. Barabara yetu hapa mtaa wa La Teja ina mteremko, anashuka akishika kuta.

Ofelia nimemng'oa mwenyewe. Nimemwomba radhi kwa jina.

Jumanne, 11 Juni

Mvua siku ya saba. Nguo hazikauki, chumvi imeshikana, mji mzima unanuka mbwa aliyelowa. Nibia anakaanga maandazi, kama desturi yetu kila mvua ikinyesha, mimi nakula na kufikiri.

Nimefunga dirisha la chumba cha cherehani na kuziba nyufa zote kwa mkanda wa gundi. Sababu mbili. Kwanza baridi. Pili Heber: dirisha linaelekea kwake, na sitaki aone mbinu zangu. Ndani sasa kuna joto la kupendeza. Kuta zinatoka jasho.

Mchana, saa za giza, nachungulia. Mara tatu nne tu, na tochi, kuona kama maua yamekua tangu nilipochungulia mwanzo. Nibia kaniambia hata yeye angeamshwa kwa tochi kila saa asingechanua.

Jioni nimegusa ua kubwa la Dorila. Limebaki mkononi mwangu. Ndani ni kijivu, lina manyoya. Ukungu, mpaka kwenye shina.

Nibia kabandua mkanda wote bila kuniuliza, kafungua dirisha, kaleta feni yake ya jikoni. Heber alikuwa upande wa pili anaanika soksi chini ya bati. Kaona yote. Kanisalimu kwa heshima. Heshima hiyo ndiyo iliyoniuma.

Amebaki Tomasa peke yake. Mdogo, mnyonge, nilikuwa nimemsukumia kona ya mwisho. Usiku nitamkalisha katikati na kuanza mpango maalumu. Nimeuandika kurasa nne.

Jumatatu, 17 Juni

Mafua. Homa. Mifupa yote inauma. Nimelala na kofia.

Mpango maalumu haujaanza. Nilisimama saa tatu kwenda kwa Tomasa, Nibia kanirudisha kitandani kwa kunishika sikio. Kafunga chumba na kutia ufunguo kifuani. Kasema nikipona nitaupata. Nimemwuliza nani atamhudumia mgonjwa wangu. Kasema mgonjwa ni mimi.

Alhamisi, 20 Juni

Bado. Nasikia sauti jikoni. Heber! Anakuja kila siku saa mbili unusu na kibuyu chake, wanakunywa mate, wanaongea chini chini. Kisha mlango wa chumba cha cherehani unafunguka. Unafungwa. Dakika tatu. Wanafanya nini mle ndani kwa dakika tatu?

Nimepiga kelele kuuliza. Nibia kajibu ninywe supu.

Jumapili, 30 Juni

Nimepona! Nimepewa ufunguo. Nimefungua mlango.

Tomasa amechanua. Mnene, anang'aa kama kapakwa sukari, anajaza kona nzima, na harufu yake ni ya maganda ya chungwa na mvinje uliokatwa sasa hivi. Nimekaa chini sakafuni kumtazama. Sina aibu kusema machozi yalinilenga. Mafua yanaacha udhaifu.

Nimewahoji wote wawili. Nibia kasema anamwagilia udongo ukikauka, basi. Heber kasema yeye alishauri feni isimpige moja kwa moja, basi. Nikauliza na mbolea? Hakuna. Nikauliza mmemfanyia nini hasa? Heber kasema, "Tumemwacha, jirani."

Nimetafakari sana. Haiingii akilini kwamba mtu aache kitu na kitu kiendelee. Kuna maelezo ya kisayansi: kitanda changu kiko nyuma ya ukuta ule ule. Siku kumi na tatu za homa. Joto langu lilipita ukutani, polepole, kwa kiasi sawasawa. Nimemlea Tomasa kwa mwili wangu mwenyewe. Nimeandika hayo kwenye kijitabu, pambizoni, kwa wakulima wajao.

Ijumaa, 12 Julai

Heber ana kioo cha kukuzia. Kasema bado siku kumi, vitone vya juu ya ua viko wazi kama maji, vingoje viwe vyeupe kama maziwa. Siku kumi! Goti la Nibia halina siku kumi. Leo kashuka kitandani kwa awamu mbili.

Kwa hiyo nimefanya uamuzi wa kiume. Nibia alipokwenda kwa dada yake nimekata tawi moja, la nyuma, lisiloonekana. Nimelitia kwenye oveni likauke kwa nusu saa. Oveni naijua kuliko mtu yeyote Montevideo.

Sikujua kwamba ndani mlikuwa na pai ya mchicha ya chakula cha jioni.

Nyumba imenuka mpaka kituo cha basi. Tawi limekuwa unga wa nyasi. Pai ina ladha ya zizi. Heber, aliyekuja kuuliza kama nyumba inaungua, kala vipande viwili, kasifu. Nibia karudi, kanusa, kafungua oveni, kafunga oveni. Kaniomba mkasi kwa sauti ndogo. Nimempa. Kaukalia.

Jumamosi, 3 Agosti

Nina mengi ya kuandika na sijui nianzie wapi.

Tomasa alivunwa tarehe ishirini na mbili. Aliyekata ni Nibia. Mimi nilishika beseni. Alining'inizwa kichwa chini ndani ya kabati la nguo, gizani, mlango wazi kidogo, siku kumi nzima. (Makoti yangu yote yananuka mvinje. Dukani wananipisha.) Jana tumepika dawa: mafuta ya nazi, nta ya nyuki, moto mdogo kabisa. Heber alisimamia saa, mimi nilikoroga. Saa mbili nzima nimekoroga, sikuongeza kitu chochote. Nilitaka kuongeza. Walinitazama.

Leo asubuhi Nibia kakaa ukingoni mwa kitanda, kapandisha gauni hadi juu ya goti, kaninyooshea kichupa. Kasema, "Haya, mkulima. Fanya kazi yako."

Nimemchua. Taratibu, kuzunguka, kama ninavyokanda unga. Nikauliza, je, ni bora kuliko ya Heber? Kasema harufu ni mbaya zaidi. Kasema rangi ni mbaya zaidi. Kisha kafumba macho.

Aaah.

Imetoka! Ndefu kuliko zile za Heber, nimeihesabu. Nimemwuliza kama ni dawa au ni mikono. Kasema nisiharibu.

Kichupa cha pili kasema apelekewe Heber, maana vidole vyake vimekakamaa kwa usukani wa miaka mingi. Nimekubali. Nimekibeba mwenyewe. Kapaka hapo hapo mlangoni, kakunja na kukunjua mkono, kasema, "Umefaulu, Ademar." Tumekunywa mate mpaka maji yakaisha. Sikumbuki tena kwa nini nilikuwa simpendi.

Chumba kimerudi. Cherehani inalia tangu saa nne, vitambaa vya dhahabu mpaka ukumbini. Mguu wake unakanyaga pedeli bila kusimama. Nimekaa kwenye kochi nikimsikiliza. Siku nzuri sana.

Jumatano, 14 Agosti

Siku kumi na moja za utulivu. Inatosha.

Jana nimesoma tangazo ubaoni kwenye duka la mkate: mbegu za uyoga. Kitu kinachopenda giza na unyevu! Na ukungu ni ndugu yake wa damu, na mtaani hapa hakuna anayeujua ukungu kuliko mimi. Nimechukua mifuko sita. Maagizo yana sura inayoitwa Kabla ya Kuanza. Mimi nimeshaanza, kwa hiyo nimeiruka.

Chumba hakuna, lakini chini ya kitanda chetu kuna giza zuri na hakuna anayetumia. Nibia hajui bado. Nitamwambia tukila wa kwanza.

Maagizo yanasema mifuko isiguswe wiki tatu. Nimeifungua mara nne tu tangu asubuhi.