Hadithi Niliyosomewa Kinyozini

Jumatatu, tarehe 3 Machi
Mama watoto ana mambo! Tangu ajiunge na kikundi cha kusoma hadithi maktabani, kila wiki anarudi na neno jipya. Juzi ilikuwa taharuki, ile hamu ya kutaka kujua nini kitafuata. Nikamuuliza nani kamfafanulia vizuri hivyo. Fundi saa, mwenzake wa kikundini! Eti ana kichwa chepesi. Mtu ambaye saa ya ukutani hapa kinyozini kwangu imemshinda mwaka mzima!
Jumamosi kila mtu anapata mwenzake wa kusoma naye hadi Desemba. Mke wangu na fundi saa, hadi Desemba? Haiwezekani. Nimemwambia nami najiunga. Akanitazama, akasema haya, karibu.

Jumanne, tarehe 4 Machi
Kanitolea kopi ya hadithi ya wiki. Ya zamani, kurasa kumi na mbili, kuhusu mlinda lango. Nimesoma aya moja, nikapitiwa na usingizi kwenye kiti cha wateja. Mteja ndiye aliyeniamsha.
Neno la wiki ni kinaya: mambo kuwa kinyume kabisa na mtu anavyodhani. Kanieleza mara tatu. Nimeitikia mara tatu. Sikuelewa kitu.
Lakini akili ninayo! Wateja wangu hukaa bure wakingoja zamu. Wasome wao, wanisimulie nikiwanyoa. Nusu ya kwanza nimempa tarishi wa posta, ya pili muuza nyama.

Jumatano, tarehe 5 Machi
Tarishi ni msomaji hodari. Mzee analinda lango la shamba miaka arobaini. Mkewe anamletea chakula, mzee hamtazami hata usoni, macho yote langoni kungoja wezi. Mwizi atakuja lini? Taharuki hiyo! Ilinishika hadi nikamnyoa tarishi sharubu moja. Ikabidi niondoe na ya pili. Kaondoka amenuna.

Alhamisi, tarehe 6 Machi
Muuza nyama kamalizia. Mwizi kaja, mzee kamdaka, kapewa shamba lote. Mwisho mtamu! Nimeukariri. Fundi saa kwisha habari yake.

Jumamosi, tarehe 8 Machi
Mwalimu mstaafu anayetuongoza kauliza kinaya kiko wapi. Nikasimama kabla fundi saa hajafungua mdomo. Nikasimulia kwa mikono na sauti. Nikamdaka mwizi mbele yao!
Mwalimu akasema kwa upole kwamba kitabuni hamna mwizi. Siku moja mzee anageuka nyuma, anakuta ukuta wa upande wa pili ulishaanguka zamani na watu wanapita watakavyo. Mama watoto alicheka mpaka machozi. Nilitamani ardhi ipasuke.
Kumbe kurasa mbili za mwisho muuza nyama alifungia mteja maini. Akaona asiniangushe, akatunga.
Kisha daftari la wawili wawili likafunguliwa. Jina langu kando ya la mke wangu, kwa mwandiko wake, limeandikwa tangu Jumamosi iliyopita! Fundi saa yuko na mkewe, mama mmoja wa miwani aliyekaa mstari wa mbele.
Njiani mama watoto akanishika mkono. Akasema alimtaja fundi saa makusudi ili niinuke kitini. Kachoka kusoma peke yake huku mimi nimekodolea mlango macho kungoja wateja. Moyo ulinijaa. Nampenda sana mwanamke huyu, na sikumbuki mara ya mwisho nilimwambia lini. Leo nimemwambia.

Jumapili, tarehe 9 Machi
Mbinu yangu imefaulu! Nisingesimulia vile, asingenichagua.
Hadithi ijayo ina kurasa ishirini. Nusu ya mwisho nimeshampa muuza nyama. Kaapa safari hii hafungii maini.
Kwenye chai mama watoto kauliza kama sasa nimeelewa kinaya. Nikamjibu kwa ukweli: neno ni zuri, ila maishani mwangu sijakutana na mfano wake hata mmoja. Alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Sijui nini kilimchekesha.