Ng'ombe wa Steji ya Nane

Nimeumbuka leo. Mchana kweupe, mbele ya mzee aliyevaa koti kwa ajili yangu.

Naandika haraka kwa sababu kuna mtu anapanda meli ya Bukoba kesho na amekubali kunibebea barua. Respi na Josi, isomeni pamoja, na mkicheka chekeni huko huko. Josi, wewe ulihama Mwanza kabla mambo haya hayajaanza, kwa hiyo nakueleza toka mwanzo. Respi vumilia.

Kulwa, yule rafiki yetu wa kiwanda cha minofu, alinunua mashine ya gemu. Ilitoka Nairobi kwenye begi la muuza mitumba, ikiwa na pedi mbili za kuchezea (moja imefungwa plasta) na kaseti tatu. Mbili tulizimaliza, kisha zenyewe zikafa. Ya tatu karatasi yake imebanduka, jina hatulijui, tunaliita gemu la Kitambaa, kwa kuwa jamaa wa humo ndani amejifunga kitambaa chekundu kichwani. Mwanzo kabisa mama yake anasimama mlangoni, anampungia mkono, jamaa anaondoka. Halafu ni kuruka mashimo na kupigana, steji nane. Maandishi ni ya Kijapani au ya Kichina. Hatujakubaliana.

Mashine inachomekwa kwenye TV ya Mzee Ngassa, baba yake Kulwa, sebuleni kwao Butimba. Hapo ndipo penye kazi. TV ile Mzee aliinunua kwa kiinua mgongo, alipopunguzwa kazini, na kuna mtu alimwambia kwamba gemu linaua TV, linakula kioo kwa ndani. Mzee akatoa onyo moja tu. Siku atakayoona kitu hicho hakina maana, mashine inavuka Kamanga. Maana yake inapanda kivuko, inakwenda ng'ambo kijijini kwa mdogo wake, ambako hakuna hata nguzo ya umeme. (Huko wangeikalia.)

Sasa desturi yetu. Mnajua mgao wa umeme ulivyo hapa. Mashine haina kumbukumbu, umeme ukikatika unaanza steji ya kwanza. Kwa hiyo ni nadra sote kuwepo gemu linapoisha. Tukaweka utaratibu: anayemaliza anasimama mbele ya TV na kutoa taarifa. Steji ipi tamu, jitu lipi gumu, mwisho ukoje. Wenzake wanauliza maswali. Taarifa ikikubaliwa, anahamia kwenye kochi. Wasiomaliza wanakaa mkekani.

Jumatano moja, wiki tatu zilizopita, shule ikiwa imefungwa, nilikwenda pale mchana peke yangu. (Josi, siku hizi mimi ni mwalimu wa darasa la nne. Kumbuka neno hilo, mwalimu, linakuja kunichoma.) Siku hiyo vidole vilikubali. Nilifika steji ya nane, nikalikuta jitu la mwisho, nikalipiga mara sita. Nikaona wazi kwamba limebakiza pigo moja. Umeme ukakatika.

Jioni Kulwa akarudi kutoka kazini. Nikamwambia, "Nimelimaliza."

Sikuona kama ni uongo. Niliona ni hesabu. Pigo moja tu jamani!

Nikasimama, nikatoa taarifa. Nilisema steji ya tatu, ile ya daraja, ndiyo tamu kuliko zote kwa sababu muziki wake unakwenda na miguu. Steji ya tano ni ya kukukera tu, popo wengi bila sababu. Jitu la mwisho lina sura mbaya lakini ni zito, unalizunguka. Hayo yote ni kweli na nayasimamia hadi leo. Nikaongeza kwamba pigo la saba ndilo linaloliua. Ndipo Kulwa akauliza, "Na mwisho?"

Sikuwa nimejiandaa. Nikasema, "Anarudi kwao."

"Halafu?"

"Mama yake yuko pale pale mlangoni. Anamtambua kwa kile kitambaa. Jamaa anapiga magoti, anamwamkia. Majirani wanakuja. Ng'ombe anachinjwa."

"Anamwamkia kwa Kijapani?"

"Anapiga magoti, Kulwa. Inaeleweka."

Hapo sauti ikatoka nyuma yangu. "Ng'ombe wa rangi gani?"

Alikuwa Mzee Ngassa, amesimama kwenye mlango wa chumbani. Sijui alikuwa pale tangu lini. Nikamwambia mwekundu, mwenye baka jeupe usoni. Mzee akaitikia kwa kichwa kama mtu anayemfahamu ng'ombe huyo, akarudi ndani. Tangu siku ile hakuitaja Kamanga tena.

Badala yake akaanza kuniletea wageni. "Mwalimu, hebu waeleze wazee hawa yule kijana alivyopokelewa." Nimeeleza mara tatu. Mara ya pili nikaongeza ngoma. Mara ya tatu walikuwa wazee wa kanisa, nikaongeza togwa. (Pombe niliiacha kwa heshima.) Mzee akawa anawaambia watu kwamba gemu hili lina mafundisho, na kwamba Mwalimu ameliona kwa macho yake.

Kuna jambo moja hapa. Kulwa ana pacha wake, Doto, yuko machimboni Geita, na huu ni mwaka wa pili hajaleta hata barua. Jambo hilo nalijua. Sikulihusisha na lolote.

Sasa leo. Jumapili, baada ya kanisa, zamu ya kucheza ilikuwa ya Magesa. Magesa ni wa Musoma, fundi wa injini za boti, mtu mpole asiyesema mengi. Anacheza gemu kama anavyofungua injini, hana papara, kila kitu mahali pake. Nilikuwa nimejinyoosha kwenye kochi langu namkosoa. Saa nane na nusu nikaona yuko steji ya saba. Nikaacha kumkosoa.

Kulwa akapiga kelele kuelekea ndani, "Baba! Magesa anakaribia kumaliza!"

Mzee akatoka amevaa koti. Si koti la kanisani, hilo alikuwa ameshalivua. Lile la harusini. Nyuma yake akaja Mama Kulwa na ungo wa mchele wa kuchambua, akakaa kwenye kigoda chake pembeni.

"Leo namwona yule kijana kwa macho yangu," Mzee akasema.

"Mzee," nikasema, "usijisumbue, umeme utakatika sasa hivi."

"Leo ni siku yetu kuwa nao."

"Lakini kila siku saa tisa unakatika, hata siku zetu."

"Tutaona."

Wiki nzima umeme umekuwa ukikatika saa tisa kamili. Nikakodolea macho saa ya ukutani. Saa tisa ikafika. Ikapita. Taa haikufifia hata mara moja. Nimeishi na mgao miaka yote hii nikiulaani, na siku niliyouhitaji ukanikimbia.

Magesa akafika kwa lile jitu. Akapiga mara sita. Akapiga la saba. Jitu likaendelea kutembea.

Kulwa akanigeukia. "Si ulisema la saba linakufa?"

"Inategemea pedi," nikasema.

Alipiga mara kumi na nane. (Kwa hiyo hata hesabu yangu ilikuwa mbovu. Na hesabu ndiyo ninayofundisha.)

Jitu likaanguka. Jamaa wa kitambaa akapanda juu ya jiwe, akakaa. Muziki ukabadilika, ukawa wa taratibu, mzuri kweli, pengine ndio mzuri kuliko wote humo ndani. Maandishi yakaanza kupanda. Yakapanda. Yakaendelea kupanda. Mzee aliinama mbele, mikono magotini, anayasoma kana kwamba yameandikwa Kisukuma.

Kioo kikawa cheusi. Kisha ikatokea nyumba. Mlango. Mama!

Mzee akasimama. "Huyo! Amefika kwao!" Akapiga makofi. Mama Kulwa akapiga kigelegele, mchele ukaruka. Na mimi, nawaambia ukweli, kwa sekunde mbili nilijiona nabii. Nikasema moyoni, kumbe niliotea!

Mama wa kwenye kioo akainua mkono. Akapunga. Jamaa akageuka, akaondoka.

Steji ya kwanza.

Mzee akashusha mikono.

"Anakwenda wapi?" Mzee akauliza.

"Limeanza upya, Baba," Kulwa akasema.

"Kafika mlangoni, hakupewa hata maji ya kunywa, katoka tena?"

"Ndiyo hivyo, Baba."

"Na ng'ombe?"

Wote wakanitazama.

Hapa mtu mwenye akili angeomba msamaha, angekunywa maji, angekwenda kwake. Mimi nikajikohoza. "Ng'ombe yupo, Mzee. Ila mwisho wa ng'ombe unatokea kwa anayemaliza bila kufa hata mara moja. Magesa amekufa mara mbili njiani."

Magesa akaitazama pedi. Akafikiri. "Inawezekana," akasema. (Huyo ndiye Magesa. Angenibishia nisingeumia hivi.)

Mzee akakaa tena, akakunja nne. "Basi cheza wewe, Mwalimu. Sina haraka."

Nikapewa pedi nzima, ile isiyo na plasta, ili nisipate kisingizio. Nikaanza. Mwanzoni kabisa, hatua kama nne kutoka kwa yule mama, kuna kishimo. Tunakiita shimo la wageni, kwa sababu wanaotumbukia humo ni watu wanaoshika pedi kwa mara ya kwanza.

Nikatumbukia.

"Nilikuwa napasha vidole," nikasema.

Nikatumbukia tena. Nilipotumbukia mara ya tatu mashine ikaandika yale maneno yake ya kukufukuza, na mama yule akawa mlangoni tena, anatupungia mkono sote.

Ndipo Mama Kulwa akasema, bila kuinua macho kwenye ungo, "Mwalimu, ile Jumatano si nilikuwepo hapa hapa nachambua mchele?"

Nilikuwa nimemsahau. Mtu mzima, na ungo wake, kwenye kigoda kile kile, nyuma yangu.

"Umeme ulikatika," akaendelea. "Ukasema Mungu wangu. Ukakaa unakitazama kioo cheusi. Nikakuhurumia nikakupa uji, ukanywa vikombe viwili, ukaenda zako."

"Sasa mama, mbona siku zote hukusema?" Kulwa akauliza.

"Nani aliniuliza? Na nilikuwa nasikiliza kama uji wangu atauongeza kwenye hadithi. Ngoma kaweka, togwa kaweka. Uji hapana."

Kulwa akaanguka mkekani kwa kicheko. Magesa akageukia ukutani, mabega yanatikisika. Hayo ningeyavumilia. Nimefundisha darasa la nne, nimeshachekwa na watu wengi zaidi.

Lakini Mzee hakucheka. Alikaa na koti lake. Kisha akasema taratibu, "Kwa hiyo mama yake hakumwona tena."

Nikainua macho nikaona picha juu ya TV, ile ambayo nimekaa chini yake miezi yote hii. Watoto wawili wamevaa sare moja, wamesimama sawasawa. Kulwa na Doto. Hapo ndipo nikaelewa alikuwa anawaitia wageni hadithi ya nani. Niliona aibu, jamani. Si aibu ya kuchekwa, ile nyingine.

Nikapiga magoti. "Hakumwona, Mzee. Niliitunga. Nisamehe."

"Hata ng'ombe?"

"Hata ng'ombe."

"Na baka jeupe?"

"Na baka, Mzee."

Kulwa alikuwa ameshaacha kucheka. Akasogea kimya kimya, akaanza kuchomoa nyaya na kuzikunja. Wote tulijua zinakwenda wapi. Magesa akamkabidhi pedi kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha mali ya marehemu.

"Acha," Mzee akasema. "Mashine ina kosa gani? Haijui kumfikisha mtu kwao, basi." Akamgeukia Magesa. "Wewe fundi, kila Jumapili mpeleke mpaka pale kwenye jiwe. Maandishi yakianza kupanda, Kulwa azime TV. Nisimwone anaondoka tena." Kisha akanigeukia mimi. "Halafu wewe utasimama hapo, umfikishe."

"Lakini Mzee, si umeshajua ni uongo?"

"Ulikuwa uongo nilipokuwa sijui. Sasa najua." Akasimama, akavua koti, akalikunja mkononi. Mlangoni akakumbuka jambo. "Na utakaa mkekani."

Nimekaa mkekani. Magesa amekaa kwenye kochi, kwenye ukingo kabisa, ananionea huruma. Mama Kulwa ameniletea uji, ameniuliza kama naukumbuka.

Kwa hiyo msicheke, nisaidieni mawazo kabla ya Jumapili: Mzee amenifuata hadi barabarani, anataka kujua paja la ng'ombe alipewa nani.