Mtoto wa Hati ya Kiapo

Ofisi ya Clinton ilikuwa kiti cha plastiki nje ya steshenari moja ya mtaa wa Viwanja Sitini, tai nyekundu, na bango: USHAURI WA KUUNGANISHA FAMILIA NCHI ZA NJE. Hakuwahi kuunganisha hata familia moja. Ya kwake mwenyewe ilikuwa inamkwepa.

"Shikamoo, mama," alimwambia mjane aliyesimama akisoma bango.

"Marahaba, mwanangu. Naitwa Mama Kabula, natoka kijiji cha Michenga. Binti yangu Paskazia yuko Kanada, kajifungua. Mjukuu namwona kwenye simu tu, nataka nimpakate. Lakini ng'ombe sitini wa marehemu nitamwachia nani? Wachungaji wa kulipwa wananitoroka kila masika. Kwetu Wasukuma mali hiyo huachiwa mtoto wa kiume, nami sijajaliwa."

Wewe msomaji mwema umesikia mjukuu. Clinton alisikia sitini.

"Mama, viza ya kuunganisha familia inataka familia kamili. Bila mtoto wa kiume kwenye makaratasi, wanakukatalia. Ila usijali, mimi nipo."

"Wewe uwe mwanangu?"

"Kwenye karatasi tu."

Mama Kabula akajifuta machozi kwa upindo wa kanga. Kesho yake wakala kiapo kwa wakili, hati ikasema ni mama na mwana. Jumapili ukoo mzima ukakusanyika Michenga, Seni, shemeji wa Mama Kabula, akachinja dume, Clinton akakabidhiwa fimbo na jina jipya, Limbu. Alishiba mpaka akalegeza mkanda. Utapeli gani huu, alijiuliza kwa furaha, unaoanza na pilau?

Mama akapanda ndege. Wiki haijaisha, Clinton akaswaga ng'ombe wawili wanono hadi mnadani. Mnunuzi akatazama chapa pajani, akapiga simu.

"Wewe si ndiye Limbu? Subiri, baba yako mdogo anakuja."

Seni alifika na pikipiki, akitabasamu.

"Mwanangu, ng'ombe wa ukoo hauzwi bila kikao. Na kikao kinamsubiri mama yako."

"Anarudi lini?"

"Mwakani, Mungu akipenda."

"Basi mimi naacha kazi!"

"Kazi gani? Mchungaji akiacha kazi anaitwa mtoro. Lakini mtu aliyekula kiapo, akakutwa mnadani na ng'ombe wa marehemu, huyo polisi wana jina lake. Nakala ya hati ninayo."

Jioni, Clinton akiwa zizini, simu ikaita kwa video. Mama Kabula, kofia ya sufu hadi kwenye nyusi, alikuwa amempakata mtoto mnene, naye bibi aling'aa kwa raha.

"Mama," Clinton alisema kwa sauti ya kulia, "hiyo viza iliyotoka haraka hivyo, uliipata lini?"

"Mwezi wa tatu, ng'wanawane, mwanangu. Siku ile nilikuja kwako nayo mkobani. Kilichobaki kilikuwa mtoto wa kiume, nikatafuta ambaye hawezi kuwakataa ng'ombe sitini. Haya, geuza simu, mpwa wako aone ng'ombe."

Clinton, tope magotini na tai bado shingoni, akageuza simu. Kule Kanada mtoto akaangua kicheko. Tapeli akasikiliza, akakohoa, kisha akaanza kumwitia mpwa wake ng'ombe mmoja mmoja kwa jina.