Viini Viwili Walivyonifungia

Machi 3, Jumatatu
Kompyuta inayoendesha mashine yangu ya kutarizi inatambaa kama konokono mgonjwa. Shela la mjukuu wangu linatakiwa Jumamosi, na mchoro wake, kazi ya miezi mitatu, umo humo humo ndani. Bibi wa bwana harusi, naye mtarizi mwenye duka lake, amepita dukani kwangu. Eti mkwe, niletee mimi, yangu mpya. Nimemwambia aniletee sanda yake, nitaitia maua.

Fundi wa kompyuta amekuja. Anasema ubongo wa kompyuta una viini vinne vya kufanyia kazi, viwili vimefungwa kiwandani. Huenda vibovu, huenda vizima. Ona watu! Wanakuuzia nyumba ya vyumba vinne, viwili wanapiga kufuli! Nimeamuru vifunguliwe. Akaniomba ninakili mchoro mahali pengine kwanza. Mimi si mtu wa kuhamahama.

Machi 4, Jumanne
Vinne! Fundi ameingia kwenye mipangilio ya ndani, amebadilisha neno moja, basi. Mashine inaruka! Kisha akaweka programu ya kuitesa kompyuta, kupima kama itastahimili. Iteswe kutwa, joto lisipite themanini. Ikasoma hamsini na nne. Nimeruka kitini. Mtu akifika arubaini tunaita ndugu! Fundi akacheka. Hana adabu.

Mateso nimeyazima baada ya dakika kumi. Nimelea watoto saba, mzima namjua kwa macho.

Machi 5, Jumatano
Imeganda mara mbili. Themanini na tisa! Fundi ameitazama, akauliza nani ameivalisha. Nani tena? Kwangu kitu cha maana hakikai uchi. Redio ina kitambaa, televisheni ina kitambaa, hata jagi. Hii nimeifumia kofia yake, inashuka hadi ubavuni. Eti yale matundu ya ubavuni ndiyo pua zake. Angesema mapema!

Kofia nimeivua. Joto sabini, na bado ikaganda. Fundi akasema kiini cha nne kibovu, tukifunge, vitatu vinatosha. Nimemjibu mtoto mvivu hafungiwi chumbani, anaongezewa kazi. Akakusanya bisibisi zake, akanung'unika bibi, sikio la kufa... Hakumalizia. Mwoga.

Machi 6, Alhamisi
Saa nne asubuhi, ua la kumi na moja, ikazima puu. Ilipowaka, mchoro haufunguki. Shela upande mmoja bustani, upande wa pili jangwa. Mjukuu akalia. Nikamshauri asimame upande, bwana aone bustani tu. Akalia zaidi. Siku hizi hawashauriki.

Mara huyo bibi mwenzangu mlangoni. Fundi ndiye aliyempigia simu, msaliti! Nilikaa tayari kwa masimango. Wapi! Akasema pole mkwe, tutalimaliza pamoja, akalikunja shela akaondoka nalo. Pole! Afadhali angenipiga kofi.

Machi 8, Jumamosi
Harusi imefana. Shela limekamilika. Bibi mwenzangu ametazama maua yangu akayachora upya, moja moja, siku nzima, akajaza jangwa. Mwizi wa maua. Mjukuu akatukumbatia sote wawili kwa pamoja, mimi na yeye, kama tunalingana.

Nimemuuliza mkwe kompyuta yake ina viini vingapi. Sita. Vyote vinafanya kazi? Vyote, mkwe. Maskini, wamemdanganya. Nani atengeneze sita asifiche viwili? Jumatatu anasafiri, ameniomba nimwangalizie duka, funguo hizi hapa. Nitamfungulia vyote kabla hajarudi. Hata asante sitaki.